Ndege Zisizo na Mwenyewe: Orodha, Tangazo na Ushairi wa Magofu

Neno ndege katika Kiswahili limebeba mizigo mitatu. Kwanza ni kiumbe mwenye mbawa na manyoya. Pili ni chombo cha kusafiria angani. Tatu ni dalili ya jambo lijalo, na ndiyo maana wazee wetu husema kuwa fulani ana ndege njema, au kuwa safari imeanza na ndege mbaya. Maana ya kwanza na ya pili hutenganishwa na upatanisho wa kisarufi peke yake: ndege ameruka, ndege imeruka, ndege amekufa, ndege imekufa. Maana ya tatu huvizia nyuma ya hizo mbili. Kitenzi nacho kina mambo yake. Anayetazama huona kilichopo mbele yake. Anayetazamia huagua kisichoonekana, na kwa lugha yetu mpiga ramli ni mtazamiaji.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu makala haya yanahusu watu ambao kazi yao ya mapenzi ni kutazama ndege, yaani hizo za pili, za chuma na bati, na maandishi yanayotokana na kazi hiyo. Watu hao husimama pembezoni mwa viwanja vya ndege wakiwa na darubini, kamera na daftari. Huandika alama ya kila ndege inayotua na kila inayoruka. Katika viwanja vya nchi za joto, wanavyovipenda mno, huandika pia zile ambazo hazitui wala haziruki, zilizosukumwa pembeni mwa uwanja miaka mingi iliyopita na kuachwa hapo zinyeshewe. Wapenzi wa ushairi wa mwambao huenda wakauliza: haya yatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba ndege iliyotelekezwa ni gofu, na ushairi wa Kiswahili una madai ya kale juu ya magofu. Nataka kupima madai hayo, nione kama bado yana nguvu.

Tuanze na matini fupi kuliko zote. Mwezi Desemba mwaka 2015, wasimamizi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kuala Lumpur, ulioko Sepang nchini Malaysia, walichapisha tangazo gazetini. Walimwita mtu wasiyejua alipo. Walimwarifu kuwa ndege zake tatu aina ya Boeing 747-200F, zenye alama za usajili TF-ARM, TF-ARN na TF-ARH, ziko uwanjani kwao, na kuwa anadaiwa ada za kutua na za maegesho. Wakampa siku 14 azichukue, la sivyo wangeziuza au kuziondosha kwa mujibu wa kanuni za usafiri wa anga za nchi hiyo za mwaka 1996. Tangazo likazunguka dunia nzima, watu wakacheka. Mwezi huohuo kampuni moja ikajitokeza na kudai kuwa mali ni yake.

Kicheko kile kinaeleweka. Sote tunaijua fani ya tangazo la kitu kilichookotwa. Baada ya sala husimama mtu msikitini akasema kuwa umeokotwa mkungu wa funguo, mwenyewe na aufuate. Fani hiyo imeumbwa kwa vitu vidogo: funguo, pochi, miwani, kiatu cha mtoto. Pale Sepang imebebeshwa vyombo vitatu ambavyo kila kimoja kina urefu unaozidi mita 70. Fani na maudhui vimekataana, na kukataana huko ndiko kunakochekesha.

Lakini mhakiki asiishie kwenye kicheko. Tangazo lile lina wema wake wa kimaandishi: halina kivumishi cha ziada, wala halilii, wala halijigambi. Linazitaja ndege moja moja kwa majina yao. Upungufu wake ni kuwa linamjua binadamu wa aina moja tu, naye ni mdaiwa. Herufi TF ni za Iceland, nchi ya barafu iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Msomaji angependa kujua ni njia gani iliyozitoa ndege za usajili huo hadi kwenye joto na mvua za Sepang, nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta. Ni rubani gani aliyezima injini mara ya mwisho? Je, alijua kuwa ni mara ya mwisho? Tangazo halina nafasi ya maswali hayo, na hatuwezi kulilaumu, kwani halikuandikwa kwa ajili yetu. Lakini matini nyingine zimeandikwa kwa hiari na kwa mapenzi, na hizo tuna haki ya kuzidai zaidi.

Matini hizo ni orodha za watazama ndege. Kazi hii ilipata nguvu Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale raia wa kujitolea walipofundishwa kuzitambua ndege kwa umbo na kwa sauti ili watoe habari adui anapokaribia. Vita vilipokwisha, tabia ilibaki. Mtazama ndege huanza na alama ya usajili, ambayo herufi au tarakimu zake za mwanzo hutaja nchi: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Alama hii hubadilika ndege ikiuzwa nchi nyingine. Kitu kisichobadilika ni namba iliyopewa kiwandani ilipozaliwa. Kwa kuifuata namba hiyo, mtazama ndege huandika ilikotoka, nani aliichukua baada ya nani, ilibadili jina mara ngapi, na ilikomea wapi.

Msomaji wa mwambao ataitambua fani hii mara moja. Hii ni nasaba. Ni ndugu wa zile tarehe za miji yetu, kama Habari za Pate, ambazo humtaja mfalme, kisha aliyemfuata, kisha aliyemfuata huyo, na kila mmoja akapewa miaka yake. Wenye haraka huona kuwa orodha ni maandishi yasiyo na sanaa. Sikubaliani nao. Orodha ina nidhamu ambayo washairi wengi wameikosa: haisemi isichokiona. Mtazama ndege mwema hawezi kuandika kuwa aliiona TF-ARM ikiwa wingu lilimzibia herufi ya mwisho. Ataacha nafasi tupu.

Nidhamu hiyo ina faida kubwa zaidi katika nchi za joto, ambako ndege iliyolala na ndege iliyokufa hufanana sana. Mashirika yanayotaka kuziweka ndege zao kwa muda mrefu huzipeleka mahali pakavu, kama jangwa la Mojave huko Marekani au uwanda wa Teruel huko Uhispania, kwa sababu hewa kavu haili chuma. Katika unyevu wetu mambo huenda mbio. Rangi hubabuka, ukoga wa kijani hushika maungio ya madirisha, magurudumu hukosa upepo, majani hupenya nyufa za sakafu na kuyazunguka. Injini ndizo huondoka kwanza, maana ndizo zenye thamani kuliko sehemu nyingine zote. Aghalabu jina la shirika hupakwa rangi juu yake ili aibu isisomeke. Mtazama ndege huzisoma dalili hizi kama mganga asomavyo macho ya mgonjwa, na daftarini huandika hali: inaruka, imewekwa, imeachwa.

Tofauti baina ya hali hizo inaweza kuwa suala la uhai wa watu. Mnamo tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya shirika la Birgenair la Uturuki iliruka usiku kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini dakika chache baadaye. Watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Ndege hiyo ilikuwa imekaa uwanjani takriban wiki tatu bila kuruka. Wachunguzi waliona kuwa kimoja cha vile vijiti vidogo vinavyopima mwendo wa ndege kilikuwa kimeziba, na sababu waliyoiona kuwa ndiyo yamkini zaidi ni nyigu wa udongo aliyejenga kiota ndani yake. Rubani akasomewa mwendo wa uongo na ala zake mwenyewe. Wiki tatu za kusimama katika nchi ya joto zilitosha. Chombo ambacho kila mtu alikihesabu kuwa kizima kilikuwa kimeanza kukaliwa na wadudu, kama nyumba inavyokaliwa wenyewe wakihama. Tukikumbuka hilo, hatutamcheka tena mtu anayeandika daftarini kuwa ndege fulani haijasogea tangu Jumanne.

Orodha, hata hivyo, haijui maana yake yenyewe. Humngoja msomaji, na wasomaji hutofautiana. Novemba 2001, watazama ndege 12 wa Uingereza na wawili wa Uholanzi walikamatwa Ugiriki wakiwa na daftari zao karibu na kiwanja cha kijeshi cha Kalamata. Mwaka 2002 mahakama iliwatia hatiani kwa makosa yanayohusu ujasusi, na mwaka huohuo rufaa yao ikawaachia huru. Kwa mahakimu wale wa mwanzo, safu za herufi na tarakimu hazingeweza kuwa mapenzi matupu. Lazima palikuwa na tafsiri nyuma yake. Haikupita miaka mingi safu kama hizo zikasomwa kwa namna nyingine kabisa. Waandishi wa habari na mawakili waliokuwa wakichunguza safari za siri za shirika la ujasusi la Marekani, ambamo watu walichukuliwa bila kesi na kupelekwa kuhojiwa katika nchi nyingine, walizikuta picha na orodha za watazama ndege wa Palma de Mallorca, wa Shannon na wa kwingineko. Alama kama N313P na N379P, zilizoandikwa na watu waliotaka tu kukamilisha daftari zao, zikawa ushahidi kuwa ndege fulani ilikuwapo mahali fulani siku fulani.

Hapa pana jambo la kumfunza mshairi. Aliyeiandika N313P hakujua ndani yake alikuwamo nani au angekuja kuwamo nani. Hakuwaandika watu hata kidogo. Lakini kwa kuwa aliandika kwa uaminifu kile alichokiona, watu waliofichwa walipata njia ya kurudi katika maandishi. Nisemapo baadaye kuwa orodha ina upungufu, msomaji akumbuke kuwa nimeutaja na ubora wake.

Baada ya daftari huja kamera. Siku hizi picha za ndege zilizotelekezwa zimekuwa fani inayojitegemea, na nyingi ni nzuri za kutazamwa: bawa lililoegemea mnazi, mlango ulioachwa wazi, viti vilivyoota uyoga, mkia uliobaki na rangi ya shirika lililofilisika. Na uzuri huo ndio unaonitia shaka. Sisi wa visiwani tumekwisha kuipitia fani hii katika umbo la chombo kingine. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja, manowari za Kiingereza ziliizamisha meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow mbele ya mji wa Unguja. Haikuzama yote. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hadi ilipovunjwa mwaka 1912. Kwa miaka 16 mabaharia wa majahazi walipita kando yake, na wapiga picha waliitia katika kadi za posta, pazuri pa kuvutia macho, zikanunuliwa na wageni na kupelekwa ng'ambo.

Tazama kadi hizo kwa jicho la mhakiki. Bahari imetulia, milingoti imesimama sawasawa, mji uko nyuma. Hakuna dalili ya mamia ya watu waliouawa au kujeruhiwa asubuhi ile. Picha haikusema uongo. Milingoti ilikuwapo kweli. Ila imechagua kuanza pale ambapo vilio vimekwisha. Picha nyingi za ndege zilizotelekezwa hufanya vivyo hivyo. Humpa mtazamaji huzuni isiyomgharimu kitu. Shirika limekufa, wafanyakazi wamekwenda nyumbani bila ya haki zao, nchi imebaki na deni, na sisi tunaambiwa tutazame jinsi jua la jioni linavyoingia katika madirisha matupu.

Ushairi wetu ulifanya nini ulipokutana na magofu? Mfano mkuu unajulikana na kila mpenzi wa tungo za mwambao: Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa takriban miaka 200 iliyopita baada ya Pate kuanguka. Mshairi anausemeza moyo wake ulioghafilika na dunia, na katika kuuonya anauonyesha majumba ya mabwana wa mji ule. Naomba msomaji aurejee utenzi huo na aitazame sehemu ya majumba kama ambaye hajapata kuisoma. Ataona kuwa mshairi hakukimbilia machozi. Alianza kwa kuhesabu. Taa zimo, mapambo yamo, vidaka vya kupangia sahani za kaure vimo. Kisha vitu vilevile vinarudi vikiwa na wakazi wengine: popo wanaruka gizani, na vidakani mlimokuwa na sahani wamelala makinda ya ndege. Baada ya hesabu hiyo, na kwa kuitegemea, ndipo linapokuja swali la wako wapi wenyewe.

Naona hapo kuna mambo mawili ambayo hayapaswi kutenganishwa. La kwanza ni uhakika wa vitu. Mshairi anajua kidaka ni nini na kilitumika vipi. Angesema tu kuwa nyumba zimeharibika, tusingelia naye. La pili ni swali kuhusu watu. Angeishia kwenye vidaka, tungekuwa na daftari la fundi. Tangazo la Sepang lina vitu na mdaiwa. Orodha ya mtazama ndege ina vitu na nasaba yao. Picha ina vitu na mwanga wake. Al-Inkishafi ina vitu na wenyewe, na wenyewe hao wanaulizwa si kwa sababu ya deni la maegesho. Wanaulizwa kwa sababu msomaji naye atakwenda waliko.

Sasa tujipime sisi wenyewe, tuone kama tumeurithi uwezo huo. Nachukua mfano wa nyumbani. Shirika la ndege la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kuanzia mwaka 1966 lilipokea ndege kubwa tano aina ya Super VC10, zenye injini nne mkiani, ambazo ziliwaunganisha watu wetu na London na Bombay. Alama zao zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG, yaani kila nchi ya Jumuiya ilisajiliwa walau ndege moja. Ile ya kwanza iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43 kati ya 107. Mwanzoni mwa 1977 shirika lilikufa pamoja na udugu uliolizaa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. VC10 nne zilizobaki zilirejea Uingereza.

Na baada ya hapo? Wengi wetu tulidhani kuwa zilikatwa vyuma chakavu. Hazikukatwa. Zilinunuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikapewa alama mpya, ZA147 hadi ZA150, zikageuzwa matangi ya kuzijaza mafuta ndege nyingine zikiwa angani. Ndege-tangi za kikosi chao zilihudumu katika vita vya Ghuba mwaka 1991, juu ya nchi ambazo nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa zina jamaa huko. Ile 5H-MOG ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuundwa kati ya VC10 zote 54. Ilipelekwa Dunsfold tarehe 24 Septemba 2013. Siku ya pili yake ile 5H-MMT ikaruka kwenda Bruntingthorpe, nayo ndiyo safari ya mwisho kupata kurukwa na VC10 yoyote ulimwenguni. Kwa hiyo ya mwisho kuzaliwa na ya mwisho kuruka zote mbili zilipata kubeba jina la Tanzania ubavuni.

Habari hizi tumehifadhiwa na nani? Tumehifadhiwa na orodha. Kuna watu waliosimama kwenye mvua ya Uingereza miaka 30 na zaidi wakiifuata namba ya kiwandani, na chini ya rangi ya kijeshi wakaendelea kuiona 5H-MMT. Washairi wetu, walioimba Jumuiya ilipoundwa na wakasikitika ilipovunjika, waliimba mkono na mkono, jembe na nyundo, mti na matawi. Vyombo vyenyewe hawakuvitaja kwa majina. Hatuna utenzi wa VC10. Hatuna hata shairi linalomtaja mhudumu aliyeambiwa asubuhi moja ya mwaka 1977 kuwa asije tena kazini, akarudi nyumbani na sare yake. Mtazama ndege wa kigeni anajua tarehe ya kila safari na hajui mhudumu huyo alilia kwa lugha gani. Sisi tunaijua lugha na hatukuandika chochote.

Najua yuko atakayenijibu kuwa ndege imejaa tele katika tungo zetu. Ni kweli, katika taarabu hasa. Ndege hupelekwa salamu, ndege hutoroka tunduni, ndege hutua juu ya mti wa jirani na mwenye mti akaumia moyo. Huyo ni ndege wa kwanza, yule mwenye manyoya, na kwa yeye tumeunda mafumbo yasiyohesabika. Inapokuja ile ya pili, watunzi wengi huitumia kama gari la kumwondoa mpenzi jukwaani: imeruka, ameondoka, nimebaki. Haina aina wala alama. Haina mtu aliyeifunga mizigo wala aliyeiongoza kutoka mnarani. Linganisha na bahari. Mtunzi wa mwambao hasemi chombo tu. Husema jahazi, mashua, ngalawa, mtepe, na akikosea tanga na foromali wasikilizaji humsahihisha. Bandari tumeiandika kwa sababu tulikuwa watu wake. Kiwanja cha ndege tumekiacha kama kwamba ni cha wapita njia, ilhali leo ndiko anakoingilia mgeni wetu, anakotokea mgonjwa wetu anayepelekwa Bara au India, na anakorudishwa marehemu wetu aliyefia ugenini.

Basi ninalolidai ni jepesi kulisema. Mshairi ajifunze kutazama kabla ya kutazamia. Asimame nje ya uzio na asome herufi zilizo chini ya bawa kabla hajaifanya ndege kuwa dunia, au mauti, au serikali. Nikitoa mfano mdogo wa namna daftari linavyoweza kuingia katika mizani bila ya kuivunja, ningeandika hivi:

Ndege hii ina jina, lasomeka ubawani,
Ila mwenyewe hapana, atafutwa gazetini,
Kutu nayo yaungana, na chumvi ya baharini,
Walioirusha jana, wako wapi duniani?

Ubeti huu ni wa kuonyesha njia tu. Mwenye kipaji ataipita. Ninachotaka kionekane ni kuwa swali la mstari wa nne lisingekuwa na uzito kama mistari mitatu ya kabla yake isingetaja jina, gazeti na kutu. Shairi linaloanzia kwenye swali hutuachia ukungu. Linaloishia kwenye kutu limejizuia kusema.

Pana hatari pia kwa upande wa pili, nayo tuitaje. Si kila ndege iliyosimama imekufa. Kote ulimwenguni mashirika yameweka ndege pembeni zikingoja injini au kipuri, na Air Tanzania nayo, kuanzia mwaka 2022, ilisimamisha ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyozikumba ndege za aina hiyo katika nchi nyingi. Mshairi mwenye haraka ya msiba angekwisha kuzitungia maombolezo. Mtazama ndege angeandika kuwa imewekwa, akaenda zake, akarudi wiki ya pili kutazama tena. Subira hiyo ya kurudi ni sehemu ya kazi, na ndiyo inayompa mtu haki ya kuandika, siku ikifika, kuwa imeachwa.

Wahariri wa kurasa kama hizi wanaweza kusaidia. Wapo miongoni mwetu waliofunga mizigo, waliojaza mafuta, waliokagua tiketi, waliokaa mnarani na waliofagia njia za kurukia katika viwanja vya Kisauni, Embakasi, Entebbe na Dar es Salaam tangu siku za shirika lile la pamoja. Umri wao umekwenda. Waulizwe majina ya vitu na majina ya wenzao, na yaandikwe kwa tarehe, kama watazama ndege wanavyoandika. Hayo yakipatikana, tungo zitapata pa kusimama. Zisipopatikana, watakaokuja watazikuta 5H-MMT na 5H-MOG katika daftari za Waingereza, nasaba yao yote imekamilika, na mahali pa watu pako tupu.